Chuma cha Ndigana

Nilipoambiwa niandike wasifu wa marehemu baba yangu mdogo, Ombay, ili usomwe kanisani kabla ya mazishi, niliandika nusu ukurasa nikaona nimemaliza. Alizaliwa Tumati, akahamia Hanang akiwa kijana, akaoa, akafuga, akabatizwa uzeeni, ameacha watoto na wajukuu, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Kijana wa kwaya aliusoma vizuri kwa kipaza sauti, watu wakaguna kwa heshima, tukaenda kumzika. Mwaka mmoja niliuruka. Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu waliokuwapo mwaka ule karibu wote wameshatangulia, na wachache waliobaki ni watu wa adabu. Mimi adabu hiyo sina. Sijawahi kuwa mtu mpole, na uzee haukunipoza kama nilivyoahidiwa. Kwa hiyo mwaka nilioutoa kanisani nauandika hapa, pamoja na kosa langu, na asiyetaka kulijua asisome.

Ulikuwa mwaka wa operesheni, tulipohamishwa kwenda kukaa kijijini. Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa na uvimbe chini ya sikio la kushoto, pale taya linapoanzia. Ulianza kama punje ya haragwe, miaka miwili kabla, na mwaka huo ulikuwa umefika kiasi cha yai la kanga. Hauumi, hauwashi, ukiusukuma kwa kidole unasogea kidogo halafu unarudi mahali pake. Niliufunika kwa kitambaa cha kichwa nilichokishusha upande mmoja, na watu wakadhani nina maringo. Nilikuwa naishi kwa baba mdogo na mkewe kwenye tembe lao mteremkoni, nyumba ya giza na joto, ng'ombe upande huu na sisi upande ule, na usiku unawasikia wanacheua karibu na kichwa chako. Asubuhi moja mgambo walikuja na lori. Baba mdogo alisema mahindi yake hayajakauka na yeye haendi popote. Kijana mmoja akampiga kitako cha bunduki mgongoni. Baba mdogo aligeuka na gogo la moto kutoka jikoni akamtandika nalo begani, wakamrukia watatu, wakamfunga kwa kamba yake mwenyewe ya kufungia ndama. Mama mdogo alikuwa anapiga kelele akitaja vyungu vyake kimoja kimoja huku vinavunjika. Mimi nilichukua lile jiwe dogo la kusagia, nikalirusha kwa nguvu zangu zote, nikampata mgambo mmoja gotini, akakaa chini akalia kama mtoto. Nilizabwa kofi lililonitoa kitambaa. Kijana aliyenizaba alipouona uvimbe alirudi nyuma, akajifuta kiganja kwenye suruali. Maumivu ya kofi yalipita, lakini kule kujifuta ninako mpaka leo. Kabla lori halijaondoka walikuwa wameshang'oa nguzo za mbele, na paa la udongo likashuka lote ndani ya nyumba.

Kijiji kipya kilikuwa mistari ya nyumba zilizopangwa kwa kamba, chini ya mlima, mahali penye upepo usiokoma. Ukuta wa chumba changu ulikuwa wa fito na udongo ambao haujakauka, na kupitia nyufa zake nilisikia kila neno la jirani. Tulizoea kila mtu na kilima chake. Ghafla tukawa tunasikilizana hata tunavyotafuna. Jioni, tukiwa tumekaa na makande na maziwa ya mgando, nilimsikia mama wa upande wa pili akimfundisha binti yake. "Kile ni kifua kikuu kimepanda shingoni. Usinywe kibuyu kimoja na yule." Mama mdogo naye alisikia. Aliongeza maziwa kwenye kibuyu changu, halafu akanywa mwenyewe kutoka humohumo, kwa sauti kubwa, ili jirani asikie anavyomeza. Nilimpenda sana wakati ule, na sidhani kama niliwahi kumwambia.

Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la saba, mwenyekiti wa kijiji alinichagua niwe mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Mwenyekiti huyu aliletwa kutoka nje, mtu mfupi mwenye sauti nzito, aliyevaa koti hata juani. Alasiri nilisimama mbele ya wazee waliokuwa na umri wa kunizaa, nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, halafu nikageuka kuwa mkubwa wao mpaka jua linapoinama. Niliwafundisha a, e, i, o, u, na nikawafundisha kwamba adui zetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Nilisema mtu akiugua aende zahanati, aache kuchanjwa chale na kuchomwachomwa. Baba mdogo alikuwa mwanafunzi wangu wa nyuma kabisa. Alishika penseli kama mtu anayeshika nyoka, na kila nilipotaja kuchomwachomwa wenzake walimgeukia wakacheka, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kuchoma ng'ombe wenye ndigana. Nilijiona mtu muhimu sana. Nikikumbuka nilivyokuwa nashika ile chaki, natamani kumpata msichana yule nimvute sikio, lile zima.

Kwenye zahanati alikuwapo Bwana Rajabu, mtu wa Kondoa, Mwislamu mpole aliyeoga mara mbili kwa siku katika kijiji ambacho maji yalitoka mbali. Nilipomwonyesha uvimbe hakujifuta mikono. Aliushika kwa vidole viwili, akausukuma huku na huku, akaniambia nikunje uso, nifumbe macho, nioneshe meno.

"Unaumwa ukitafuna?"

"Hapana."

"Homa? Kukohoa? Kukonda?"

"Hapana."

"Basi kifua kikuu sioni. Nadhani ni tezi ya mate. Hapa chini ya sikio kuna tezi inayotengeneza mate, na wakati mwingine inaota uvimbe wa namna hii. Mwingi si mbaya, unakua polepole tu. Lakini mimi siwezi kuutoa. Kuna mishipa ya uso imepita humo ndani. Nenda hospitali ya misheni, wataukata vizuri. Na usiuguse, dada yangu. Usiubinye, usitie dawa, usimpe mtu wembe. Umesikia?"

Nilisikia vizuri sana. Kesho yake nilikwenda ofisini kwa mwenyekiti kuomba barua, kwa sababu mwaka ule hukutoka kijijini bila barua yake. Mgambo walikaa njiani na walirudisha watu kwa fimbo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka.

"Kila mtu ana ugonjwa wiki hii," alisema. "Mzee mmoja jana ana jino. Mwingine ana shangazi. Mnataka barua mkalale kwenye mahame yenu."

"Mwenyekiti, mimi ni mwalimu wako. Tazama."

Nikavua kitambaa. Alitazama kidogo, akageuza macho dirishani.

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Kama hakiumi kitangoja mavuno. Mwalimu akiondoka, wanafunzi nao wataondoka. Nenda."

Sasa nieleze habari ya ng'ombe, maana bila ng'ombe hamtanielewa. Mifugo ya vilima vingi ilikusanywa kwenye malisho mamoja, na kupe wakajaa. Kabla mvua hazijaisha ndigana kali ikaingia. Ng'ombe mwenye ndigana anavimba tezi chini ya sikio, anapata homa, anaanza kuhema, na siku chache baadaye unamchuna. Dawa ya wazee ilikuwa moto. Baba mdogo alikuwa na kitako cha mkuki uliovunjika, chuma chenye urefu wa kiganja, alichokitia kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, halafu akachoma ile tezi iliyovimba, kulia na kushoto, huku wanaume wanne wamemlalia mnyama. Mwezi ule alichoma kila asubuhi. Harufu ya nywele na ngozi iliingia hadi kwenye uji wetu. Wengi walikufa, lakini mtamba wake mweusi alisimama siku ya tatu akaanza kula majani, na kijiji kizima kilikuja kumtazama. Nami nilikuja. Nilimshika shingo, nikapapasa kovu chini ya sikio lake, halafu mkono wangu wenyewe ukapanda kwenye shingo yangu. Palikuwa mahali palepale. Leo najua kuwa ile ni tezi nyingine na ugonjwa mwingine kabisa, lakini sisi tulikuwa wafugaji. Mwili tuliujua kwa kumchinja ng'ombe, na kila tulichojua juu ya shingo tulikijua kutoka kwake.

Wiki mbili nilizunguka na wazo hilo. Nilifundisha alasiri kwamba kuchomwa ni ujinga, na asubuhi nikaenda kumtazama mtamba. Siku niliposikia kupitia ukutani kwamba familia ya kijana aliyekuwa ananichumbia imetuma mtu kusema tusiwangoje tena, nilitoka nikamkuta baba mdogo zizini.

"Nichome," nilisema.

Aliendelea kukamua. "Wewe ni mtu."

"Tezi ni tezi."

"Mwalimu mwenyewe umetuambia tusichome."

"Nichome, baba mdogo."

"Sijawahi kuchoma mtu. Nenda kwa yule wa Kondoa."

"Hana kisu. Na mwenyekiti hana barua. Nimebaki na wewe." Alipotikisa kichwa, nilimwambia neno ambalo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia kwamba siku ya lori alifungwa kwa kamba ya ndama mbele ya mkewe, na kama aliogopa mgambo na sasa anaogopa msichana, basi avae gauni. Aliacha kukamua. Nilijua nimempata. "Kalete makaa," alisema.

Waswahili husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mimi nilipata kitako cha mkuki, na nasema wamepunguza chumvi. Mama mdogo alikuwa kisimani. Tulichagua saa hiyo makusudi. Nililala ubavu kwenye ngozi ya ng'ombe, kichwa changu kati ya magoti ya baba mdogo, kipande cha mti mdomoni. Alisema, "Usitikisike." Nilisikia kwanza sauti, ile ya mafuta yanapoanguka motoni, halafu ndipo maumivu yakaja, na hayakuwa shavuni tu, yalikuwa kwenye meno, kwenye jicho, begani. Nilipiga mateke hewani. Nilimng'ata paja kupitia nguo mpaka damu ikatoka, kwa kuwa mti ulishaniponyoka. Alikaza mkono. Alikandamiza kama anavyomkandamiza ng'ombe, muda uleule, kwa maana hakujua muda mwingine, na ngozi ya mtu ni nyembamba. Alipotoa chuma alikuwa analia kwa sauti, mwanaume mzima, akisema jina langu. Halafu akapasua palipoiva kwa ncha ya kisu ili uchafu utoke, kama ilivyo desturi. Usaha haukutoka hata tone. Kulikuwa na nyama nyeupe inayong'aa, ngumu kama gegedu, na damu.

Kidonda kilioza. Lakini kabla hakijaoza nilijua jambo limeharibika, na nililijulia kwenye chakula. Mama mdogo aliniwekea ugali na mlenda, nikatia tonge mdomoni, nikatafuna, na maji yakaanza kutiririka shingoni. Nilidhani ni jasho. Nikafuta, nikatafuna tena, yakaja tena, mepesi, ya uvuguvugu, yanatoka kwenye kidonda. Yalikuwa mate yangu. Tezi ilipasuka, na kila nilipoona chakula, hata nikisikia harufu yake tu, mate yalitoka kupitia shavuni mpaka kwenye ukosi wa gauni. Mdomo nao uliinama upande wa kushoto. Nikinywa uji, nusu ulinirudia kifuani. Nilianza kula nimegeukia ukuta. Baba mdogo aliacha kula nyumbani. Alichukua kiazi chake akaenda kukilia zizini, na sikumhurumia. Nilimchukia. Nilimtukana mimi, nikamlazimisha mimi, na nikamchukia yeye, ndivyo nilivyo.

Bwana Rajabu aliponiona alisema neno moja tu la dini yake, halafu akanipandisha lori la mahindi, juu ya magunia, bila barua ya mtu yeyote. Dereva alipouliza, alimjibu kwamba akitaka barua aitazame kwenye shavu langu. Tulipita Endasak na Dirma mvua ikininyeshea, na nilishukuru, kwa sababu mvua iliwazuia wale vijana wa njiani kutoka kwenye kibanda chao.

Hospitalini nililazwa wiki nyingi, kwanza ili kidonda kisafike, halafu nikakatwa. Daktari alikuwa mama wa Kizungu, mkavu, mwenye Kiswahili cha bara kama chetu. Baada ya upasuaji alikaa kwenye kitanda changu na kunieleza kwamba ulikuwa uvimbe wa tezi ya mate, kwamba haukuwa saratani, na kwamba ukiachwa mzima ndani ya ganda lake unatolewa mzima. "Huu ulipasuliwa," alisema. "Vipande vyake vimetawanyika kama mbegu. Nimeokota nilivyoviona. Vingine vinaweza kuota tena baada ya miaka. Na mshipa wa mdomo umeungua, huo siwezi kuurudisha." Nikamweleza aliyosema mwenyekiti, nikamuuliza kama uvimbe ungeniua. Akasema, "Ungengoja mavuno, ungengoja hata mavuno mengine." Kwa hiyo mwenyekiti, yule mbwa, alikuwa amesema kweli bila kujua. Nililia kwa hasira mpaka nyuzi zikavuta.

Kisha akauliza, "Nani alikuchoma?"

"Baba yangu mdogo."

"Kwa nguvu?"

Muuguzi alikuwa amesimama na kalamu. Wote wawili walijua mimi ni mwalimu wa kisomo. Nilikuwa nimeshawaambia mara tatu. Nilikuwa nimewasaidia wagonjwa wa wodi ile kusoma majina yao kwenye kadi. Nilifikiri juu ya chaki, na adui ujinga, na jinsi muuguzi yule atakavyonitazama. Nikasema, "Ndiyo." Aliandika. Sikulazimishwa kusema hivyo, na sikuwa na homa. Nilikuwa na aibu, basi.

Nilirudi na bahasha ya hospitali kwa mwenyekiti, niliyoibeba mwenyewe kifuani. Aliisoma akiwa amesimama, na nikaona uso wake unafurahi. Kwa muda mrefu alikuwa anatafuta mtu wa kumfanyia mfano, na baba mdogo alikuwa yule wa gogo la moto. Jumamosi kijiji kiliitwa. Mwenyekiti aliniita mbele, akanishika kidevu, akanigeuza shavu kwa watu. "Tazameni ujinga," alisema. "Mzee huyu alimkamata binti wa watu akamchoma kama mnyama. Ni kweli au si kweli, mwalimu?" Baba mdogo alikuwa amesimama kati ya mgambo wawili. Alinitazama, hakukonyeza, hakuomba. Alikuwa anangoja tu, kama wengine, kusikia nitakachosema. Nilitazama chini, na kutazama chini kulitosha. Walimvua shati. Walimpiga fimbo mgongoni na matakoni, na kijana yule aliyewahi kupigwa gogo begani ndiye aliyepiga zaidi. Baba mdogo alipoinua mkono wa kulia kujikinga kichwa, fimbo ikamvunja mfupa juu ya kiwiko, nilisikia ulivyolia. Hakusema hata mara moja kwamba nilimwomba. Chuma kilichukuliwa kikatupwa kwenye choo cha ofisi.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko ile ya kidonda. Mama mdogo alinipikia kama kawaida, lakini kibuyu changu sasa alikiweka mbali na chake. Nilipeleka uji chumbani kwa baba mdogo. Alikuwa amelala kifudifudi, inzi mgongoni, mkono umefungwa vijiti. Nilisema, "Shikamoo, baba mdogo." Hakuitikia marahaba. Niliweka uji chini, na nilipokuja jioni niliukuta umekauka palepale na siafu wameuzunguka. Mtamba mweusi aliugua tena siku hizo, akafa, na hakuna aliyekuwa na mkono wala chuma cha kumgusia. Alasiri nilisimama mbele ya darasa nikaandika ubaoni, na hakuna mzee hata mmoja aliyenakili. Walikaa tu wakiniangalia mdomo. Mzee mmoja, mtu wa utani sana zamani, alinyanyua mkono akauliza kwa upole, "Mwalimu, mtu mzima wa nguvu zako, alikushikaje peke yake?" Nilifuta ubao nikatoka.

Jumamosi mkutano uliitwa tena, wa habari ya pamba na mbolea. Mwenyekiti alipouliza kama kuna jingine nilisimama. Kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa mbovu ilinibidi kusema polepole, ili kila neno litoke zima. Nilisema kwamba baba mdogo hakunikamata. Nilisema nilimwomba, akakataa, nikamtukana, akakubali. Nilisema nililala mwenyewe. Nilisema kabla ya kumwomba yeye chuma, nilimwomba mwenyekiti barua, na mwenyekiti akacheka. Tulisikia bendera ikipigapiga mlingoti.

"Kumbe ulidanganya serikali," mwenyekiti alisema. Shingo yake ilikuwa imevimba kwa hasira. "Mwalimu wangu. Umenifanya nimpige mzee bure." Akawapungia mgambo mkono. Wawili walikuja wakanishika mabega, na yule aliyepigwa gogo tayari alikuwa ameinua fimbo juu ya kichwa changu.

"Ngoja," mtu alisema nyuma.

Baba mdogo alikuwa amesimama. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka ndani tangu siku ile. Mkono wake ulikuwa umening'inizwa kwenye kitenge cha mama mdogo, na alikuja mbele kidogokidogo, watu wakimpisha. Nilidhani anakuja kuniombea. Alisimama mbele ya kijana mwenye fimbo, mtu anayeweza kuwa mwanawe.

"Amedanganya, apigwe," alisema. "Na mimi nataka apigwe. Lakini usoni msimguse. Usoni nimeshampiga mimi."

Nilijitoa mikononi mwao, nikalala chini mwenyewe. Niliweka viganja vyote viwili usoni kama alivyotaka, na fimbo ya kwanza ikashuka.